Shupaza Sita za Bi Thuraiya

Marehemu Bi Thuraiya bint Marhoun bin Suud, 1896–1948. Wasifu huu umesomwa nyumbani kwake, Wete, Jumamosi tarehe 6 Machi 1948, baada ya hitma. Shehe ameruhusu usomwe kabla ya halua, kwa sharti usiwe mrefu kiasi cha halua kuganda.

Marehemu alizaliwa Kengeja, kusini ya kisiwa chetu, mwezi wa Rajabu, Desemba ya mwaka 1896. Baba yake, Bwana Marhoun bin Suud, alikuwa na mikarafuu mingi na maneno machache. Mama yake, Bi Mwanapili, alikuwa mwenyeji wa Kengeja hapohapo, na maneno ya nyumba nzima aliyachukua yeye. Inasimuliwa kwamba mtoto hakulia. Alifumbua macho, akamtazama mtu mmoja mmoja aliyekuwemo chumbani, kisha akayafumba. Mkunga akaingiwa na hofu. Bi Mwanapili akamwambia, "Mpige kofi alie, bibi wee, asije akatuhesabu sote." Akapigwa, akalia kidogo, kwa adabu. Lakini hesabu hakuiacha.

Alitiwa chuoni akiwa na miaka mitano, akahitimu msahafu akiwa na tisa. Skuli ya serikali wakati huo haikuwa na nafasi ya mtoto wa kike, wala baba yake hakuwa na haja ya kuitafuta. Kaka yake, Bwana Suud, alipelekwa kusoma Unguja, na kila likizo alirudi Kengeja na sanduku la vitabu. Marehemu alimfulia kanzu, naye akamfundisha Kiingereza. Baada ya likizo sita kanzu zilikuwa nyeupe kama maziwa na mwanafunzi amekwisha mpita mwalimu. Bwana Suud yuko barazani hapa. Akitaka kukanusha, asimame.

Aprili 1914 aliolewa na Bwana Thabit bin Nassor wa Wete, akahamia katika nyumba hii tuliyoketi. Bwana Thabit alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti nzuri na akili ya kawaida, na hilo la mwisho alikuwa wa kwanza kulisema mwenyewe. Alikuwa na tabia mbili zilizojulikana mji mzima: akiketi kwenye kiti chenye mikono husinzia, na akiona jambo linakwenda kombo huguna. Walijaliwa watoto wawili, Bi Shariffa mwaka 1916 na Bi Maryamu mwaka 1920. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hawakusikika wakigombana ila kwa jambo moja, nalo ni karata.

Kazi yake marehemu ilikuwa kushona kofia, na kofia zake zilivaliwa kutoka Makangale mpaka Unguja mjini. Alizitoboa vitobo kwa mafungu ya kumi na tatu, kumi na tatu. Ukimuuliza kwa nini, anasema ndivyo mkono unavyotaka. Wanaojua wanajua kwamba kila mchezaji wa briji hugawiwa karata kumi na tatu.

Mchezo huo uliletwa Wete mwaka 1927 na mzungu mpima barabara aliyepanga nyumba ya mkabala. Masika yalimfungia ndani, na briji haichezwi ila na watu wanne, wawili kwa wawili. Basi akawafundisha watu watatu: Bwana Thabit, Ahmada, yule dresa mfunga vidonda wa hospitali, ambaye watu walimwita daktari naye hakupata kuwakatalia, na Jecha bin Pandu, karani wa forodha. Hapakuwekwa senti mezani hata siku moja, na Shehe alilithibitisha hilo kwa kuja kuchungulia mara tatu. Mwaka 1929 mpima barabara akahamishwa. Akawaachia karata pakiti mbili, kijitabu cha Kiingereza, na upungufu wa mtu mmoja.

Walimtafuta wa nne Wete nzima. Mmoja alikuwa anatafuna pembe za karata kwa mawazo. Mwingine alikuwa akipata ree, karata kubwa kuliko mfalme, anapiga takbiri. Jioni moja wameketi watatu, wanalaumiana, sauti ikatoka nyuma ya pazia la chumba cha ndani. "Wa nne yupo."

Bwana Thabit akageuka. "Yupo wapi?"

"Mmekaa naye miaka miwili. Kijitabu nimekisoma mara nne. Jecha anaficha bibi zake mpaka zinaoza, na Ahmada kila akiwa na karata nzuri anakohoa."

Ahmada akakohoa.

Hivi ndivyo ilivyopangwa, na haikubadilika. Meza ilisukumwa mpaka mlangoni, ubavu wake mmoja ukagusa pazia la kijani. Marehemu aliketi ndani, wanaume nje, Bwana Thabit akimkabili mkewe na kitambaa kati yao. Kila mtu akicheza aliitaja karata yake kwa sauti, kwa sababu marehemu hakuwa akiona chochote. Yeye zake alizisukuma chini ya pazia. Kwa miaka saba Ahmada na Jecha hawakumwona ila mkono wa kulia, wenye hina, unaotoka kwenye giza la chumba, unaacha karata, unarudi. Jecha alikuwa akisema kuna siku aliuota mkono ule peke yake unatembea sokoni, na watu wanaupisha.

Kwa wasiojua briji, na Shehe ni miongoni mwao kwa kauli yake: kabla ya kucheza, kila upande hutoa ahadi ya mizunguko mingapi utaichukua kati ya kumi na mitatu, na karata ya namna gani, shupaza, kopa, uru au pau, iwe turufu ya kuzishinda nyingine. Wenye ahadi kubwa ndio wenye mchezo. Hapo mmoja wao hucheza, na mwenzake hulaza karata zake zote mezani, wazi, na kazi yake imekwisha. Huyo wa pili walimwita bubu. Bubu husukuma karata anayoitiwa, basi. Hachagui wala hasemi.

Kutosema kulimshinda Bwana Thabit. Mkewe akitaja karata asiyoipenda, huguna, na mguno ule ulikuwa kama kumwonyesha njia. Ahmada na Jecha wakalalamika, na haki ilikuwa yao. Marehemu akaweka sheria: "Bubu hasemi. Haguni, hapumui kwa nguvu. Akifa, afe kimya." Wote wakacheka. Aliirudia sheria hiyo kwa miaka, na kila mara Bwana Thabit aliinamisha kichwa kama mtoto wa chuoni, kisha akasinzia.

Turufu aliyoipenda marehemu ni shupaza, kwa kuwa ndiyo kubwa ya zote wakati wa kuahidi, na kwa kuwa ni nyeusi. Watu wengi wakipata mchezo wa shupaza hukimbilia kuzitoa turufu za wapinzani upesi upesi, kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Yeye hakugusa karata kabla ya kuhesabu. Karata za bubu alisomewa mara moja tu, akazishika kichwani zote, kisha nyuma ya pazia kukawa kimya mpaka Ahmada anamaliza kikombe cha pili cha kahawa. Akishaanza, haulizi. Alikuwa na njia moja wapinzani wake waliyoiogopa kuliko zote. Desturi ni kwamba anayecheza ndiye bwana, na turufu chache za bubu ndizo za kukatia karata za namna iliyomwishia. Yeye aliweza kuugeuza mchezo: akakatia turufu zake mwenyewe kubwa kubwa, akazimaliza, mpaka zile ndogo za bubu zikabaki ndizo kubwa pekee duniani, na bubu akawa bwana. "Ukitazama kwa upande wako tu huioni njia," alikuwa akisema. "Nenda kakae kwenye kiti cha mwenzako, uangalie kutoka kule."

Siku ya Alhamisi tarehe 29 Oktoba 1936, mwezi wa Shaabani, waliketi baada ya sala ya alasiri. Mvua ya vuli ilikuwa inapiga bati mpaka kila karata ikabidi itajwe kwa kelele. Ahmada, ambaye sikio moja lilikwisha uliwa na kwinini, alikuwa anaomba arudiwe kila jambo mara mbili. Marehemu aliahidi shupaza sita, maana yake mizunguko kumi na miwili, kwa kuwa sita ya kwanza haihesabiwi katika ahadi. Bwana Thabit akalaza karata zake, akazisoma kwa ile sauti yake nzuri, akajiegemeza kitini. Shupaza alikuwa nazo tatu tu: ghulamu, ya kumi, na ya tisa.

Marehemu alikuwa na shupaza tano: ree, mfalme, bibi, sita na nne. Akahesabu. Hesabu ikampa mizunguko kumi na mmoja. Akahesabu tena kutoka kiti cha mumewe, ikampa kumi na miwili.

Mzunguko wa kwanza, ree ya kopa ya bubu ikachukua. Wa pili akaita kopa ndogo kutoka kwa bubu, akaikata kwa ree ya shupaza. Jecha akapiga mluzi; hakuna mtu anayekatia ree. Wa tatu akaenda kwa bubu kwa uru. "Bibi wa uru," akaita, na karata ikasogea.

Hapo Bwana Thabit akasema, "Thuraiya."

Hakusema kwa nguvu. Jecha alisimulia baadaye kwamba alilisema jina kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoizoea.

"Bubu hasemi," akajibu marehemu.

Ahmada na Jecha wakacheka. Bwana Thabit akanyamaza, na kichwa chake kikalalia bega, kama kilivyolala mara mia.

Mchezo ukaendelea. Wa nne, kopa ikakatwa kwa mfalme. Wa tano, uru tena, kwenda kwa bubu. Wa sita, kopa ya mwisho ikakatwa kwa bibi. Mkono wa hina sasa umebaki na shupaza sita na nne, na bubu ana zile tatu, ambazo hakuna iliyozidi. Wa saba, wa nane, wa tisa, shupaza za bubu zikatoka moja baada ya moja, zikakusanya tano za wapinzani zote. Iliyobaki ilikuwa kuvuna. Mzunguko mmoja tu wa mwisho ndio walioupoteza.

"Kumi na miwili," akasema marehemu. "Bwana Thabit, sasa una ruhusa. Ulitaka kusema nini?"

Mvua ilikuwa imekatika, na hakuna aliyeng'amua imekatika saa ngapi.

"Bwana Thabit."

Ahmada akanyoosha mkono amtikise. Akaushika mkono wake, akauachia, akaushika tena. "Amekufa," akasema. "Na si sasa hivi. Huyu amepoa. Huyu amekufa karata zikiwa bado nyingi."

Wakatazamana. Nyuma ya pazia marehemu akauliza, pole pole, kama anayeuliza bei ya kitambaa, "Basi nani aliyekuwa anasukuma karata zake?"

Ahmada akasema hakuwa yeye, macho yake yalikuwa kwenye zake. Jecha akasema hakuwa yeye. Kila mmoja alisema alidhani ni mwenzake. Wote wawili walisema wanakumbuka karata zikisogea kila zikiitwa. Hakuna aliyetaja mkono.

Bwana Thabit alizikwa Ijumaa, na marehemu akaingia eda. Miezi minne na siku kumi akakaa chumba kile kile, nguo nyeupe, pazia lile lile. Msiba wake haukuwa kama wa wajane wengine, na wanawake waliokuja kumliwaza walirudi makwao wakisema mwenzetu haombolezi, anahesabu. Kweli alikuwa anahesabu. Mke akifiwa, jambo la kwanza analolitaka moyoni ni kujua kama mumewe alikufa akiwa radhi naye. Yeye neno la mwisho alilomwambia mumewe lilikuwa la kumnyamazisha. Ikiwa roho ilitoka pale pale, mzunguko wa tatu, basi alikufa na neno lile masikioni na jina lake mdomoni, hakupewa nafasi. Ikiwa alikuwa hai mpaka wa tisa, turufu zake mwenyewe zikishinda, huenda alikwisha sahau, huenda alikuwa anatabasamu. Alimwita Shehe, akamuuliza kwa pazia. Shehe akamwambia mume mpole kama yule radhi yake haina shaka.

"Shehe," akasema marehemu, "nimekuuliza mzunguko wa ngapi."

Shehe akaomba ruhusa akaondoka.

Mwanakhamis, aliyemtumikia marehemu tangu Kengeja, ndiye aliyekuwa akilala chumba cha pili. Alisema kila Alhamisi baada ya alasiri pazia lilijaa kuelekea ndani, kama mtu ameegemea kwa upande wa nje, na madirisha yote yamefungwa. Kisha husikika karata moja tu ikilazwa juu ya mbao. Akitoka kutazama, meza tupu. Pakiti ilikuwa kwenye sanduku, imefungwa kwa uzi wa kofia. Marehemu akaifungua chumbani mwake, akahesabu: hamsini na moja. Akampa Mwanakhamis azihesabu kwenye meza ya nje: hamsini na mbili. Zikirudi ndani, hamsini na moja. Akazipanga kitandani zote kwa namna zake aone ipi imepungua, na kila alipozipanga hakuna iliyopungua. Mwanakhamis akasema yeye atahesabu kuni na nazi, karata asipewe tena.

Eda ilipokwisha marehemu hakuliondoa pazia wala kiti. Kila Shaabani aliwaita Ahmada na Jecha, wakaucheza mchezo ule ule, karata zile zile, ambazo alikuwa ameziandika kwenye daftari. Kiti cha Bwana Thabit kikaachwa kitupu, na Jecha, aliyekuwa karibu, akasukuma karata za bubu. Marehemu alisikiliza. Alitaka mmoja wao akumbuke kitu: pumzi, kiti kulia, chochote, mzunguko wa nne, wa tano, wa sita. Hawakumpa kitu. Ahmada alikuja kwa heshima na kwa sambusa. Jecha alikuja kwa sura ya mtu aliyeitwa polisi, na kila walipofika mzunguko wa tisa alikuwa anaomba maji.

Miaka ikaenda hivyo. Binti zake waliolewa kutoka nyumba hii. Vita vya wakubwa vikaja, mchele ukaadimika, vikaisha. Marehemu aliendelea kushona, akawafundisha Kiingereza wasichana saba wa Wete bila ya kufuliwa kanzu, na akawa na ulimi ambao wengi hapa mnao alama zake. Lakini ukimkuta peke yake, midomo ilikuwa inakwenda, na ukisogea karibu, si uradi uliousikia ila "nne, tano, sita".

Mwishoni mwa mwaka 1947 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Ahmada akamletea dawa, akamwambia moyo umechoka. "Umechoka kusubiri," akajibu, "na weye unautilia maji." Januari hakuweza tena kushuka kitandani. Februari akawaambia binti zake jambo moja tu linamtia hofu: ya kwamba atakwenda kukutana na Bwana Thabit na hajui atapokewa kwa uso gani.

Alhamisi tarehe 19 Februari, Jecha alipiga hodi bila ya kuitwa. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na fimbo ameishika kwa mikono miwili. Kitanda kilisogezwa karibu na mlango, pazia likashushwa. Bi Shariffa alikuwa ndani na mama yake, na yote haya yametoka kwake.

"Bi Thuraiya," akasema Jecha, "nimesikia hali yako si nzuri."

"Basi sema upesi."

Akailaza fimbo chini. "Ni mimi niliyekuwa nikisukuma. Siku ile. Kuanzia mzunguko wa nne."

Akalisogelea pazia.

"Nilidhani kalala. Nikamwonea huruma, nikasema nisimwamshe Bi Thuraiya akamkemea bure. Alipokuja kuonekana kafa, nikaogopa. Nilikuwa nimekaa nasukuma karata za maiti na ninacheka."

Bi Shariffa alisema mama yake aliufumba mkono juu ya shuka, na kucha zikaingia kwenye kiganja. Miaka kumi na moja ya kuuliza, na jibu ndilo hilo alilokuwa akiliogopa. Mzunguko wa tatu.

"Ahsante, Bwana Jecha," akasema. "Nenda nyumbani."

"Sijamaliza. Nilizisukuma zote ila moja."

"Ipi?"

"Mzunguko wa tisa. Ulikuwa umekwisha toa turufu mara mbili. Imebaki turufu moja nje, nane ya shupaza, ninayo mimi. Ilikuwa uite tisa ya shupaza uitoe. Hukuita tisa. Uliita nne ya uru."

"Sikuita hivyo. Nne ya uru niliiita mzunguko wa kumi."

"Uliiita mara mbili, Bi Thuraiya. Akili yako ilikuwa imetangulia hatua moja. Mvua ilikuwa inapiga, Ahmada hasikii, nimesikia mimi."

"Una hakika?"

"Nina nane ya shupaza mkononi, na uru sina hata moja. Mtu aliye katika hali hiyo akisikia inaitwa uru hasahau mpaka kaburini. Ningekukata. Ahadi yako ingevunjika."

"Ingevunjika," akakubali marehemu. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nikanyoosha mkono niichukue ile nne ya uru, kwa furaha. Kabla sijaigusa, tisa ya shupaza ilikuwa imekwisha toka. Ipo katikati ya meza."

"Ahmada?"

"Ahmada ameshika kikombe kwa mikono miwili."

"Na Bwana Thabit?"

"Nikamtazama usoni. Macho yamefumbwa. Mdomo umeachwa wazi kidogo, kama aliyekatizwa. Mikono yote miwili ilikuwa pajani, Bi Thuraiya. Haikuwa juu ya meza. Nikacheza nane yangu, nikanyamaza, na tangu siku ile kila nikifika mzunguko wa tisa koo langu linakauka."

Bi Shariffa alidhani mama yake analia, akainama. Alikuwa anacheka, cheko dogo la ndani, la mtu aliyeshikwa mkono gizani akautambua.

"Mtu mwenye kinyongo," akasema, "angeniacha nianguke."

Kisha akasema, "Shariffa, lete daftari. Na kalamu."

Likaletwa. Akatafuta ukurasa wa Oktoba 1936, palipoandikwa kumi na miwili. Akaikata kwa mstari mmoja, akaandika kumi na mmoja, na chini yake: *Bubu alicheza karata asiyoitiwa. Ahadi haikutimia.*

"Bi Thuraiya!" akasema Jecha kwa pazia, alipoelezwa. "Baada ya miaka yote hii?"

"Sheria ndiyo sheria. Na weye ulitakiwa useme siku ile ile."

"Niliogopa."

"Uliogopa, na mie nilisubiri. Nimekusamehe, lakini usinywe maji yangu tena."

Siku zilizofuata alilala usingizi mzuri, akala kidogo, na midomo ikatulia. Alifariki Jumatano tarehe 3 Machi 1948, saa tatu ya asubuhi, binti zake wakimsomea. Bi Maryamu alimuuliza kama anataka kitu. Alisema hataki, ila pazia lile lifunguliwe. Likafunguliwa. Akaangalia upande wa pili kwa muda, kama mtu anayemjua anayemwangalia, akatoa shahada. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri.

Ameacha binti wawili, Bi Shariffa na Bi Maryamu, wakwe wawili waliojifunza kutobisha, wajukuu watano, kaka yake, Bwana Suud, ambaye bado hajasimama, Mwanakhamis, aliyekuwa naye maisha yote, wanafunzi saba, na wapinzani wawili, Ahmada na Jecha, ambao rekodi yao dhidi yake imeongezeka ushindi mmoja, na hakuna kati yao aliyeufurahia. Aliyeguswa na ulimi wake amsamehe hapa hapa kabla ya halua.

Mwenyezi Mungu amridhie. Mumewe alikwisha mridhia.